Abiria wa Kiti cha Kumi na Mbili

Marehemu alikuwa na tiketi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini nilikubali kumpandisha kwenye basi.

Mnaonifuata kila wiki tangu mwanzo mnakumbuka. Nilikabidhiwa wastaafu wa mji wa Valdeoliva niwatembeze miji ya kale kwa siku saba: Segovia, Avila, Toledo, Kordoba, Granada. Segovia nilimsahau Mzee Leoncio msalani, tukaondoka bila yeye. Avila niliwapandisha wote juu ya ukuta wa mji upande usio na ngazi ya kushukia, ikabidi wazima moto waje. Ofisi ikanipigia simu, ikaniambia kwa ule upole unaotisha kuliko matusi: likitokea la tatu, nitafute kazi nyingine.

Nina miaka arobaini na tisa. Kazi nyingine ninayoijua ni kupiga gitaa, na siijui vizuri.

Mnaukumbuka na mkebe. Bi Casilda na mumewe Práxedes walilipia safari hii pamoja, kiti cha kumi na moja na cha kumi na mbili. Práxedes akafariki siku kumi na moja kabla ya kuondoka. Bi Casilda akaenda ofisini kudai nauli ya kiti kimoja, akaambiwa kiti kikishalipiwa hakirudishwi, masharti yako ukurasa wa nne. Akausoma ukurasa wa nne wote, akakunja karatasi, akasema, "Basi atakuja."

Akaja. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, na baada ya kuchomwa, kama alivyousia, alitosha kwenye mkebe mmoja wa vileja vya lozi. Ule mkubwa mwekundu wenye picha ya mnara, ambao watawa wa Toledo hutilia vileja vyao. Maisha yake yote hakupenda kitamu kingine. Mkebe ulikaa dirishani, kiti cha kumi na mbili, umefungwa mkanda, na Bi Casilda aliusimulia kila tulichopita.

Safari nzima kwake ilikuwa ni kufika Granada. Práxedes alikaa Granada miezi kumi na tano akiwa askari kijana, na hakuwahi kuingia kasri la Alhambra. Kila Jumapili alikuwa kifungoni kwa kujibizana na sajenti. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa alikuwa akimwahidi mkewe kwamba wataliona pamoja. Sasa tiketi zilikuwepo, mbili, za Alhamisi saa nne asubuhi.

Jumanne tukafika Toledo. Na hapa inabidi niungame jambo ambalo wiki zote hizi nimelizunguka kama paka na maziwa ya moto.

Goti langu la kushoto halina ubovu wowote.

Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watalii kwamba goti hili haliwezi kupanda ule mteremko wa kwenda kwa watawa wa vileja. Nawaonyesha njia, nawapigia kelele, "Dakika ishirini, jamani, dakika ishirini!" kisha nasimama kwenye kona ya duka la visu mpaka warudi. Wengine hunionea huruma. Bibi mmoja aliwahi kunitumia dawa ya kuchua kwa posta.

Si goti. Ni Nieves.

Nieves Carrascal na mimi tulikuwa tufunge ndoa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa sita mchana, kanisani kwao. Wageni mia moja na ishirini. Mimi sikutokea. Nilikuwa kwenye baa iliyo mkabala na kanisa, nyuma ya pazia la shanga, nikiwatazama wageni wakiingia, halafu nikawatazama wakitoka. Miezi minane baadaye akaingia utawani.

Watu husema aliingia kwa ajili yangu. Yeye alimwambia mama yangu kwamba sikuhusika hata chembe. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi.

Masista wale hawaonekani. Hutoka kwa mambo mawili tu, jino na kupiga kura. Ukitaka vileja unaingia kibarazani, unakuta ukutani pamepachikwa pipa la mbao lililosimama, lina uwazi upande mmoja, na linazunguka. Unabonyeza kengele, unatoa salamu ya Bikira Maria, sauti inakujibu. Unaweka mkebe na pesa, pipa linazunguka, mkebe unarudi umejaa. Humwoni mtu, naye hakuoni.

Sauti hiyo ni ya Nieves. Siku hizi anaitwa Sista Maria wa Ukimya. Jina hilo halijawahi kumkaa.

Sasa sikilizeni desturi ya wanawake wa Valdeoliva. Foleni hawasimami. Kila anayefika anauliza, "Nani wa mwisho?" Akishajibiwa, anaweka mkebe wake mtupu wa mwaka jana kwenye benchi la mawe, nyuma ya mkebe wa aliyemtangulia, kisha anaenda kivulini kupiga soga. Mikebe ndiyo inayokaa foleni. Aliye karibu na pipa anaihudumia kwa niaba ya wote na kuisukuma mbele. Kwao wanafanya hivyo kwa mwoka mikate, kwa daktari, hata kwa padri siku ya maungamo. Haijawahi kuleta ugomvi.

Bi Casilda hakwenda kununua. Alitaka tu kumwonyesha Práxedes mahali vinakotoka vileja vyake. Akamweka kwenye benchi dakika moja, akaenda msalani kwenye baa ya jirani, ambako ufunguo wa choo hutolewa kwa aliyenunua kahawa, na kahawa ilikuwa ya moto.

Kwenye benchi kulikuwa na mikebe kumi na sita myekundu yenye picha ya mnara. Ikawa kumi na saba.

Ningekuwepo, ningeuona. Mtembeza watu kazi yake ni kuwa pale walipo watu. Mimi nilikuwa konani natazama visu.

Aliyeniletea habari ni Mzee Leoncio, yuleyule wa Segovia. Alishuka mteremko akipunga fimbo.

"Kijana! Kijana! Marehemu kapotea!"

"Kapotea vipi, mzee? Hatembei."

"Katembezwa! Njoo, huko juu mtu na wifi yake wanataka kung'oana nywele!"

Nilipanda mteremko ule mbio, bila kupumzika.

"Goti limepona," alisema Mzee Leoncio nyuma yangu. "Mungu mkubwa."

Kibarazani niliwakuta wote wamesimama, mikebe kwapani. Katikati, Bi Casilda alikuwa ameufungua mkebe mmoja na kuuweka chini ya pua ya Bi Eufrasia, dada wa marehemu. Ndani kulikuwa na vileja, vimepangwa vizuri juu ya karatasi nyeupe.

"Nimeuinua tu nikajua," Bi Casilda alisema. "Práxedes hakuwa mzito hivi tangu aanze kuumwa."

"Wifi, mimi nilijua umeleta mkebe wako kama wenzako," Bi Eufrasia alisema. "Nikasema leo nimfurahishe mjane wa kaka yangu. Nimekulipia kwa pesa yangu mwenyewe!"

"Umemuuza kaka yako, Eufrasia."

"Sikumuuza! Nimemlipia!"

"Hukuona ni mzito? Mkebe mtupu una uzito huo?"

"Macho yangu unayajua, na mikono ina baridi yabisi. Nilikuwa na mikebe kumi na saba, Casilda. Hakuna hata mmoja wenu aliyenyanyuka hapo kivulini kunisaidia."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Ndipo kengele ya sala ikalia. Kifuniko cha pipa kikashuka upande wa ndani, tak. Juu yake kuna kibao: kufungua tena ni saa kumi na nusu.

Saa yangu ilionyesha saa saba. Basi lilikuwa na kibali cha kusimama penye lango la mji mpaka saa tisa. Dereva wetu, Tarsicio, ni mtu ambaye katika miaka tisa tuliyofanya kazi pamoja ameniambia labda maneno arobaini, na manne kati ya hayo alikuwa ameyatumia asubuhi ile: "Saa tisa ni tisa."

"Jamani," nikasema, "tusitaharuki. Tunaweza kwenda Kordoba, halafu ofisi iwaandikie masista barua..."

"Nendeni," Bi Casilda alisema. Akakaa kwenye benchi, pale pale alipokuwa amemweka mumewe, akaweka mkoba magotini. "Nendeni na Mungu. Mimi bila Práxedes siondoki."

"Bi Casilda, Alhamisi tiketi zako..."

"Zangu peke yangu? Zina kazi gani?" Sauti ikamkatika, akaimeza, akaendelea. "Siku ya mwisho pale hospitali hakuniuliza nitaishije. Hakuuliza habari za watoto. Aliniuliza, 'Zimebaki siku ngapi?' Nikamwambia kumi na moja. Akasema, 'Aa, nitafika.' Sasa wewe mwanangu unataka nimwache jikoni kwa watu."

Nimetembeza watu miaka ishirini na mbili, nimeona wakilia mbele ya makanisa makubwa na picha za wachoraji maarufu, lakini yule mama aliyekaa pale na mkoba wake wa safari ndiye aliyenigusa.

Bi Eufrasia akaenda akaketi karibu naye. Akamshika mkono. Bi Casilda akauondoa mkono. Baada ya kitambo akaurudisha.

"Asipoondoka yeye, na sisi hatuondoki," Mzee Leoncio alitangaza.

"Hatuondoki!" wakaitikia wote, wakaanza kutoa mikate yao ya mayai na viazi kwenye mifuko, maana huko Valdeoliva mgomo haufanywi kwa tumbo tupu.

Simu yangu ikalia. Ofisi.

"Abiria wote wapo, Isidro?"

Nikatazama mkebe wa vileja. "Kwa jumla," nikasema, nikakata.

Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama mimi.

"Bonyeza kengele, mwanangu," Bi Eufrasia alisema.

"Wamefunga, mama. Wako kwenye sala."

"Sala ina mwisho. Bonyeza."

"Afadhali abonyeze mwanamke. Heshima ya nyumba..."

"Wewe ndiye unayelipwa kusema. Tangu Jumamosi hujanyamaza, unatueleza mpaka majina ya punda wa wafalme. Leo umepatwa na nini?"

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu zilidumu miaka kumi na tisa, na ukingo wenyewe ulikuwa kitufe cha kengele chenye kutu. Nikakibonyeza. Nikasubiri. Nikakibonyeza tena. Nikaomba Mungu wasisikie.

Nyayo zikaja. Kifuniko kikainuka kidogo.

"Salamu Maria uliye safi," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua makali.

Halafu sauti ikaja, ileile.

"Uliyekingiwa dhambi ya asili. Goti linaendeleaje, Isidro?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini Toledo imejengwa juu ya mwamba.

"Mnajuana?" Bi Eufrasia aliuliza.

"Kidogo," nikasema.

"Tulikuwa tuoane," lilisema pipa.

Mtu mmoja akaacha kutafuna. Mzee Leoncio akasogea karibu na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

"Kila Jumanne namsikia pale konani," pipa likaendelea. "'Dakika ishirini, jamani, dakika ishirini.' Miaka kumi na tisa. Sisi tuliweka nadhiri ya kufunga mlango, hatukuweka ya kuziba masikio. Haya, Isidro, umekuja kwa vileja?"

"Nimekuja kwa mume wa mtu," nikasema.

Nikaeleza. Sijawahi kutoa maelezo mafupi hivyo kazini. Aliposikia neno majivu alisema, "Yesu wangu," kisha nikasikia viatu vyake vikienda mbio kwenye sakafu ya mawe. Nieves alikuwa hakimbii hata mvua ikinyesha.

Aliporudi, alikuwa anahema.

"Bibi mwenyewe yuko hapo?"

"Niko hapa, sista," Bi Casilda alisema, akasimama.

"Bibi, mikebe huoshwa na Sista Perpetua. Ana miaka tisini na moja. Kazi zake hapa ni mbili, kuosha mikebe na kutunza mimea. Hatupi kitu. Katika maisha yake hajatupa hata kamba."

"Kwa hiyo hakumtupa."

"Hakumtupa. Aliona majivu, akayapeleka kwenye mlimau. Majivu ni mazuri kwa mlimau." Pipa likakohoa. "Kisha akaumwagilia maji."

Bi Eufrasia alijifanyia ishara ya msalaba, akaishia katikati. Bi Casilda alikuwa ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, na machozi yakawa yanamtoka bila sauti, kama mtu asiye na habari kwamba analia. Mimi nilisimama kando yake. Nilijua fika kwamba yote yale yametokea kwa sababu kuna mwanamume mmoja muoga anayependa kona.

"Unazaa?" Bi Casilda aliuliza hatimaye.

"Nini, bibi?"

"Huo mlimau. Unazaa?"

"Mwaka jana ulitoa malimau matano. Ni mdogo bado. Uko kwenye chungu."

Bi Casilda akainua kichwa. "Chungu? Cha kubebeka?"

"Kinabebeka, bibi."

"Basi nipe mume wangu."

"Bibi, kwenye pipa hakipiti. Waliolichonga walilipima makusudi, mtawa aliyebadili mawazo asipite."

"Na mlangoni?"

Hapo pipa likasita kwa mara ya kwanza. "Ufunguo wa mlango anao Mama Mkuu," likasema. "Subirini."

Tukasubiri. Nyuma ya ukuta sauti zilipanda na kushuka, moja kavu ya kizee na nyingine ninayoijua. Kibarazani watu walikaa kwenye benchi na sakafuni. Bi Casilda akautazama mkebe wa vileja, akasema vimelipiwa, basi viliwe, akaupitisha. Wakaanza kumzungumzia marehemu kama matangani: jinsi alivyomjibu meya, jinsi alivyopanda juu ya paa kutengeneza antena akashindwa kushuka, akala chakula cha mchana hukohuko.

"Alikuwa mchungu kidogo," Mzee Leoncio alisema, mdomo umejaa lozi. "Mlimau utamfaa."

Nikafumba macho. Lakini Bi Casilda akacheka, kicheko kifupi kilichochanganyika na kilio, na Bi Eufrasia akacheka naye, na kuanzia hapo wifi wakawa wifi tena.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi niliposikia komeo. Si kifuniko cha pipa. Mlango. Mlango wa utawa ule ni mkubwa, mweusi, una misumari ya chuma, na katika miaka yote niliyokuwa nautazama kutoka konani sijawahi kuuona ukifunguka.

Kwanza ukatoka mlimau. Kisha mikono iliyokumbatia chungu. Kisha uso.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa zamani, na nilikuwa nimejiandaa kwa uso ulioharibika. Haukuwa mmoja wala mwingine. Miaka ilikuwa imepita juu yake kama ilivyopita juu yangu, ila kwake ilikuwa imevua viatu kwanza. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Casilda, akamwekea chungu mikononi.

"Utusamehe, bibi," alisema.

Bi Casilda akagusa udongo kwa kidole, taratibu. "Práxedes," alisema, "una matope."

Nyuma ya Nieves alisimama Mama Mkuu, mwanamke mfupi mno, na kando yake kulikuwa na sanduku dogo la nguo lililofungwa kwa kamba. Nililiona sanduku. Akili ilikataa kulielewa.

"Mwenye msafara ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Mnapita Granada?"

"Alhamisi, Mama."

"Nyumba hii inafungwa mwisho wa mwezi. Tumebaki sita, na Perpetua hahesabiki. Kila mmoja amepangiwa kwake. Huyu amepangiwa nyumba yetu ya Granada, na gari la kumpeleka tunaahidiwa tangu Pasaka." Akanitazama kutoka chini kwenda juu. "Kuna kiti?"

Nashukuru kwamba safari hii nilikuwa na jibu, tena la kweli. "Basi limejaa, Mama. Viti vyote vimelipiwa."

"Kipo," Bi Casilda alisema.

"Bi Casilda..."

"Cha kumi na mbili. Kimelipiwa na hakirudishwi. Ukurasa wa nne." Alikuwa amekumbatia chungu, majani ya mlimau yanamgusa shavu. "Sista akae dirishani."

"Na mumeo, mama?" niliuliza. "Kiti ni chake."

"Mume wangu nitampakata. Si mara ya kwanza."

Mama Mkuu akampa Nieves baraka, sanduku, na mkate. Mlango ukafungwa nyuma yake. Aliusikia ukifungwa, nilimwona mabega yakishtuka. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza, akaliangalia goti langu, akaanza kushuka mteremko.

Tulifika langoni saa tisa na dakika mbili. Tarsicio alikuwa mlangoni mwa basi ameshika saa. Akamtazama mtawa, akautazama mlimau, akanitazama mimi, akaona maneno yaliyobaki asiyapoteze.

Basi likaondoka. Nilisimama mbele kama kawaida, mgongo kwenye kioo, nikashika kipaza sauti. Kazi ni kazi. Safu ya tatu, dirishani, alikaa Nieves na mkanda wake. Pembeni yake Bi Casilda, na mapajani mwake Práxedes, anaonekana vizuri kuliko siku zote.

"Upande wenu wa kulia," nikasema, "mnaona..."

Upande wa kulia kulikuwa na kituo cha mafuta.

"Tumekiona," Nieves alisema.

Hakupaza sauti. Hakuhitaji, maana basi zima lilikuwa limenyamaza, na Mzee Leoncio alikuwa anazungusha kitufe cha kifaa chake cha masikio.

"Isidro, kutoka hapa hadi Kordoba ni mwendo wa saa nne. Sikuulizi kwa hasira. Hasira niliimaliza mwaka wa tatu, nikakuta hakuna kitu chini yake. Lakini kila siku ya Mungu nimekuombea. Nimeombea woga wako, nimeombea kama ulikuwa mgonjwa, nimeombea kama kulikuwa na mwanamke mwingine, nimeombea na mwanamke mwenyewe. Miaka kumi na tisa naombea sababu nisiyoijua. Nataka kujua nilikuwa naombea nini."

"Mwambie, mwanangu," Bi Casilda alisema kwa upole. "Mimi wangu alifariki, na bado ninayo ya kumuuliza. Wako anauliza akiwa hai."

Kwenye ile baa, nyuma ya lile pazia la shanga, sikuwa peke yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata nyinyi. Aliyekuwa amekaa nami siku ile, na aliyoniambia, nimeyabeba mpaka leo, na jina lake Nieves analijua vizuri kuliko langu.

Nikazima kipaza sauti.

Tarsicio, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kunisaidia hata kubeba begi, akanyoosha mkono bila kuondoa macho barabarani, akakiwasha.